Fimbo Yenye Mishiko Miwili

Misafara ya biashara iliyopanda kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe katika karne ya 19, ikikatiza nchi ya Ugogo kwa siku nyingi za jua na kiu, ilikuwa na desturi isiyovunjwa ovyo: mbele ya watu wote alikwenda kirangozi, amejitanda joho jekundu, kichwani amejivika ngozi ya mbega yenye manyoya meusi na meupe, na nyuma yake akafuata mpiga ngoma, kisha wapagazi wa pembe za ndovu waliofunga kengele kwenye mizigo yao, kisha wa nguo na shanga, kisha wengineo kwa daraja zao, na mtu yeyote aliyediriki kumtangulia kirangozi alitozwa faini. Burton, Mwingereza aliyepita njia hiyo pamoja na mwenziwe Speke kuanzia mwaka 1857, aliyaandika hayo kwa kirefu, akachanganya na dharau nyingi ambazo zilikuwa ada ya waandishi wa aina yake, lakini kwa habari ya kirangozi maneno yake yanafaa kusadikiwa.

Kirangozi na kiongozi ni jina moja lenye matamshi mawili, na hapa Dodoma, katika nchi hiyo hiyo ya Ugogo, tangu uamuzi wa chama cha TANU wa mwaka 1973 ulipoufanya mji huu kuwa makao makuu na hasa tangu Serikali ilipoanza kuhamia kwa dhati mwaka 2016, jina hilo lina wenyewe wawili. Wa kwanza hupita katika msafara, nalo neno msafara limebaki lile lile, wa magari yenye ving'ora, na sisi tulio barabarani husimama mpaka apite. Wa pili ni mtoto wa miaka tisa au kumi, mwenye kandambili iliyokatika na kuungwa kwa waya, aliyeshika ncha moja ya fimbo ambayo ncha yake ya pili imeshikwa na mzee asiyeona. Muulize mzee huyo mtoto ni nani wake, naye aghalabu atakujibu: ndiye kiongozi wangu. Nakusudia kueleza tarikhi ya fimbo hiyo katika uwanda huu wa kati, kwa sababu naona kwamba kila kizazi kilichopita hapa kimelazimika kujibu, kwa namna yake, nani ashike ncha ya pili na kwa gharama ya nani.

Misafara yenyewe ilijibu kwa ukatili. Baina ya Chunyo, karibu na Mpwapwa, na vijiji vya kwanza vya Ugogo palikuwa na pori kavu lililoitwa Marenga Mkali, jina lililotokana na uchungu wa maji yake machache, na wapagazi walilivuka kwa kuondoka baada ya adhuhuri, wakalala njiani bila maji, na kesho yake wakaendelea mbio mbio mpaka kwenye visima vya watu, ambako watemi wa Kigogo waliwangoja wapokee hongo ya nguo kabla ya kuwaruhusu kunywa na kupita. Katika mwendo kama huo mpagazi aliyeshikwa na ndui, uso ukamvimba mpaka macho yakafumba, aliachwa kando ya njia. Msafara haukusimama. Na ndui, kama ijulikanavyo, yule iliyemwacha hai mara nyingine ilimwacha bila macho, hata ikawa njia ile ile iliyoleta shanga na nguo za marekani ilileta pia watu waliohitaji kushikwa mkono.

Ndani ya kaya mambo yalikuwa mengine. Tembe ya Mgogo ni nyumba ndefu iliyoinama, yenye paa tambarare la udongo uliolazwa juu ya boriti na fito, iliyojengwa kuzunguka ua ambamo ng'ombe hulala. Vyumba vyake vimepangana katika mstari, kwa hiyo bibi aliyepoteza macho uzeeni alikuwa na ukuta mmoja wa kuufuata kwa kiganja, toka mahali pa kulala mpaka penye jiwe la kusagia, na kutoka hapo mpaka jikoni, wala hakuhitaji kuongozwa. Alisaga uwele, alisokota kamba, alilea wajukuu waliokuwa bado hawajaweza kufuata ng'ombe, na panapo shauri la mahari au la mpaka wa shamba aliulizwa, maana kumbukumbu ilikuwa kwake. Lakini nisije nikadhaniwa kwamba naisifu ya kale kwa kuwa ni ya kale. Aliyepofuka akiwa mzee alikuwa na heshima aliyoichuma kabla. Aliyezaliwa haoni alianza na tuhuma, watu wakitafuta ni mkosi gani uliomleta na ni upande upi wa ukoo wenye dhima, na wako waliofichwa nyuma ya vihenge wageni walipofika.

Hapa napenda kuingiza neno moja juu ya lugha, ingawa wajuzi wa nahau huenda wakaniona najitia katika yasiyo yangu. Kiswahili kimewaweka kipofu, kiziwi, kiwete na kilema katika ngeli moja na kiti, kisu na kikapu, na ingawa twasema kipofu amekuja na wala hatusemi kimekuja, umbo la jina limebaki pale pale, katika safu ya vyombo. Mtu aweza kujibu kwamba kijana na kiongozi nao wamo katika umbo hilo hilo, na jibu hilo ni la haki. Ila kijana hukua akawa mzee, na kiongozi hustaafu, bali kipofu huitwa hivyo mpaka kaburini, hata jina alilopewa na mama yake likasahauliwa mtaani. Ndiyo sababu wenyewe wamechagua kuitwa wasioona, na mimi nimeona si muhali kuwafuata.

Jambo la ajabu ni kwamba Wagogo, ambao baadhi yao walikuwa wagumu kwa mtoto wao wenyewe asiyeona, hawakuwa wagumu kwa mgeni. Koo nyingi katika nchi hii husimulia kwamba asili yao ni kwingine, hizi Uhehe, hizi Ukaguru, hizi Unyamwezi. Nao wenyewe walipokuwa wageni kwingine walipokewa: Mathias Mnyampala, mwana wa Ugogo aliyeiandika historia ya watu wake pamoja na mila na desturi zao katika kitabu kilichotoka mwaka 1954, na ambaye baadaye aliheshimiwa hata pwani kwa ushairi wake, ni ushahidi tosha wa jinsi mtu wa bara alivyoweza kuingia katika nyumba ya lugha na kukaribishwa barazani. Mgeni mwenye miguu miwili na mikono ya kulima hupokewa upesi. Kipimo ni yule ambaye kumpokea kwake kunataka mtu mwingine aache kazi yake.

Na upofu haukuwa jambo la nadra katika nchi hii. Mvua ya Dodoma hunyesha kwa msimu mmoja tu, tangu Desemba mpaka Aprili, nayo kwa mwaka wa kawaida haizidi sana milimita 600. Miezi iliyobaki maji hubebwa kichwani kutoka mbali, na maji yaliyobebwa kichwani hupikiwa, hunywewa, hunyweshewa ndama, na uso wa mtoto husubiri. Inzi wa zizini hawasubiri. Hivyo ndivyo ugonjwa wa vikope, ambao wataalamu huuita trakoma, ulivyopata makao: maambukizo yatoka jicho hadi jicho kwa inzi, kwa vidole, kwa ncha ya kanga ambayo mama amewafutia watoto wote watatu, mtoto hupona, huambukizwa tena, na baada ya miaka mingi ya kurudiarudia ngozi ya ndani ya kope huwa makovu, kope hujikunja, na nywele zake zikaingia jichoni na kulikwaruza kila apepesapo. Wanawake wameumia kuliko wanaume, kwani ndio wanaokaa na watoto, na katika vijiji vya Kongwa wako walioficha kibano kidogo katika pindo la kanga, wakizing'oa nywele hizo moja moja, kwa kupapasa. Mnamo mwaka 1986 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, wakishirikiana na wenyeji wao Watanzania, walianza utafiti huko Kongwa, nchi ambayo dunia ilikuwa ikiijua tu kwa mradi wa karanga wa Waingereza wa mwaka 1947 ulioshindwa vibaya, na mojawapo ya mambo waliyoyathibitisha ni jepesi kiasi cha kuaibisha: mtoto mwenye uso safi huambukizwa kwa uchache, na uso wa mtoto huoshwa kwa maji kidogo sana. Katika miaka hiyo hiyo ya 1980 madaktari wa Hospitali ya Mvumi walikuwa wakionyesha jinsi surua, upungufu wa vitamini A na dawa za kienyeji zilizotiwa jichoni zilivyowapofusha watoto wadogo. Alhasili, sehemu kubwa ya upofu wa uwanda huu ilikuwa ya kuzuilika.

Turudi kwenye fimbo. Si kamba, wala si mkono mtupu, na sababu yake huonekana ukiitazama kwa makini. Fimbo ni ngumu, kwa hiyo hupeleka habari: mtoto akishuka korongoni ncha ya mbele huinama na mzee hujua kabla ya kukanyaga, mtoto akisimama ghafla, fimbo humsukuma mzee kifuani kidogo, naye husimama, mtoto akichoka, fimbo hulegea. Wawili hao husemezana kwa kipande cha mti bila kutamka neno. Lakini mishiko ni miwili, na watu waliofungwa nayo ni wawili. Asiyeona hawezi kwenda asikopelekwa, na anayeona hawezi kwenda shule.

Kwamba maisha ya mtu yaliweza kutegemea mshiko huo ilidhihirika wakati wa Mtunya, ndiyo njaa kubwa iliyoipiga Ugogo kuanzia mwaka 1917, ambapo majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza, katika vita vyao, yalikuwa yamekwisha kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo, mvua ikakosa, na mafua makali ya mwaka 1918 yakaja juu ya matumbo matupu. Watu walihama kwa maelfu kufuata chakula. Katika kuhama namna hiyo asiyeona huenda umbali ule anaoweza mtoto anayemwongoza, na mtoto wa njaa haendi mbali.

Mwaka 1950 Kanisa la Anglikana lilifungua shule ya wasioona huko Buigiri, mashariki ya mji wa Dodoma katika njia ya Morogoro, nayo ikawa ya kwanza ya aina yake katika Tanganyika. Taathira yake yataka kuelezwa kwa wasaa. Kilichofundishwa humo ni maandishi ya nukta nundu, aliyoyabuni Louis Braille, Mfaransa aliyepofuka utotoni, alipokuwa mwanafunzi wa miaka 15 tu mwaka 1824: nukta sita, safu mbili za nukta tatu tatu, na kwa kuzipanga hizo sita huandikwa herufi zote, tarakimu zote na alama za muziki. Mwanafunzi asiye na mashine hutumia bamba lenye vidirisha na msumari mfupi wenye mpini wa duara. Hubana karatasi nzito katika bamba, kisha hutoboa nukta moja moja, kidirisha baada ya kidirisha, akianzia kulia kwenda kushoto, na akimaliza huigeuza karatasi, kwani nundu zimejitokeza upande wa pili, akaisoma kutoka kushoto kwenda kulia. Wazee wetu wa pwani walioandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu wangalifurahi kujua kwamba huko bara, katika nchi ya uwele na mbuyu, watoto walikuwa wakiandika lugha yao kutoka kulia. Kazi ni ya polepole na darasa lake lina sauti ya namna ya pekee, tak-tak-tak, kama kuku wengi wanaodonoa juu ya bati. Na kitabu kimoja cha kusoma, kikiisha kuhamishiwa nukta nundu, huwa majalada kadhaa ambayo mtoto mdogo hawezi kuyabeba kwa mara moja.

Kwa mara ya kwanza, basi, kijana wa Kigogo asiyeona alikuwa na kitu mkononi ambacho hakikuhitaji mtu wa upande wa pili. Aliandika barua mwenyewe na kuisoma mwenyewe. Hata hivyo insafu yataka tuseme pia kwamba shule ya bweni, kwa wema wake wote, iliwapa watu wa vijijini faraja ambayo hawakuistahili: mtoto aliyekuwa akiwatia wasiwasi sasa alikuwa ana kwao kwingine, kwa wamisionari, na kijiji hakikulazimika kujifunza lolote. Shule nyingine za mfano huo zikafuata, kama ile ya Irente karibu na Lushoto mwaka 1963, na taratibu baada ya Uhuru likaja wazo la pili, la kuwaketisha wasioona na wanaoona katika darasa moja, ambalo limefuatwa katika Shule ya Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam. Mimi ni wa wazo la pili. Natambua kwamba dawati la pamoja lisilo na mwalimu ajuaye nukta nundu ni kumtelekeza mtoto mbele ya watu, lakini lawama hiyo ni ya kukosa mwalimu, haiwezi kuwa lawama ya dawati.

Fimbo nayo ilikuwa ikibadilika huko ng'ambo. Mwaka 1921 mpiga picha mmoja wa Bristol, Uingereza, aitwaye James Biggs, aliyepoteza macho kwa ajali, aliipaka fimbo yake rangi nyeupe ili wenye magari wamwone. Na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia Richard Hoover, akiwafundisha askari wa Kimarekani waliopofuka vitani, aliifanya iwe ndefu na nyepesi, akawaonyesha jinsi ya kuipeperusha kulia na kushoto mbele ya miguu. Fimbo nyeupe ina mshiko mmoja. Ikifika mkononi mwa mtu wa Bahi au wa Mvumi, mtoto amefunguliwa, maadamu njia yenyewe inapitika. Na hapa mjini njia haipitiki kila mahali, kwa mitaro isiyofunikwa na bodaboda zilizoegeshwa katikati ya njia ya miguu.

Sheria nazo hazikukosekana. Baada ya Umoja wa Mataifa kuufanya mwaka 1981 kuwa wa watu wenye ulemavu, Tanzania ilitunga sheria mbili mwaka 1982. Mwaka 2009 ikaridhia Mkataba wa kimataifa wa haki zao, na mwaka uliofuata ikapata Sheria namba 9 ya 2010, ambayo pamoja na mengine humtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na asilimia 3 kati yao wenye ulemavu. Katika ukumbi wa Bunge la Dodoma aliketi Al-Shaymaa Kwegyir, mwanamke mwenye ualbino aliyeteuliwa kuwa mbunge mwaka 2008, siku ambazo watu wenye ualbino walikuwa wakiuawa kinyama katika mikoa ya Ziwa. Na mwaka 2015 Abdallah Possi, naye mwenye ualbino, akateuliwa naibu waziri. Hayo ni makubwa, wala siyapunguzi.

Ila yaliyonitia mimi haya hayakutokea Bungeni. Asubuhi moja nilikuwa stendi nikingoja basi la Mpwapwa, na pembeni yangu palikuwa na mzee wa miaka kama 70, shuka la Kimasai begani, ameketi juu ya gunia la karanga, na mtoto wa kiume mwenye fimbo. Nilitaka kujua kama tunakwenda njia moja, nikainama kwa mtoto, nikamwuliza: "Mwanangu, babu yako anakwenda wapi?"

Mtoto hakujibu. Mzee ndiye aliyeinua uso, akauelekeza pale sauti yangu ilipotoka, akasema kwa upole: "Marahaba, mwanangu. Mwenye safari ni mimi. Huyu kashika fimbo tu."

Sikuwa nimempa shikamoo. Alinijibu salamu ambayo nilikuwa na deni nayo, mbele ya watu, na bila ukali wowote; na mimi ambaye nilikuwa nimesoma habari za mikataba na sheria, na ambaye wiki hiyo hiyo nilikuwa nimewasomea watu maelezo marefu juu ya haki za wasioona, niliwaka masikio. Nikampa shikamoo yake kwa kuchelewa, akaipokea mara ya pili kama kwamba ile ya kwanza haikuwapo. Alikuwa anakwenda Kibaigwa kwa binti yake. Nikamwuliza na mtoto yuko darasa la ngapi, na mzee akanyamaza kidogo, akasema alikuwa la pili, mwaka juzi.

Tangu siku ile nimejiwekea azma, ambayo sikuiita nadhiri kwa kuogopa kuivunja mbele ya Mungu. Mwenye safari nitamsalimu yeye kwanza, na nitamwuliza yeye mwenyewe aendako. Mtoto wa upande wa pili wa fimbo nitamwuliza darasa, na nikiambiwa hana darasa sitaondoka kabla ya kujua shule iliyo karibu na nani wa kumwona. Nikiitisha mkutano nitauliza ni nani wanaokuja kabla ya kuchagua chumba, nikikumbuka kikao kimoja, katika ofisi ambayo siitaji, tulichokifanyia ghorofani kwenye jengo lisilo na lifti, tukapokea udhuru wa mjumbe mwenye kiti cha magurudumu na kuuandika katika muhtasari kama udhuru wake. Na maandishi nitakayotaka watu wayasome nitayatoa mapema, ili asiyeona apate wasaa wa kusomewa au kuyapata kwa nukta nundu, asije akakaa kikaoni akisikiliza wenzake wakifunua kurasa.

Si azma kubwa, na mtu mwenye pupa ya sifa asingeiandika. Nimekwisha kuivunja mara mbili. Mara zote mbili nilikuwa na haraka.